Wapiga gitaa la besi, ni nyuzi gani zimewafaa miaka hii yote? Tupeane uzoefu

Kondele, Kisumu
Wakuu, salamu. Nimepiga besi tangu 2003, na nyuzi nilizozikataa nikiwa kijana ndizo nazipenda leo. Nilianza na raundi za nikeli, yaani nyuzi zenye waya wa mviringo kwa nje, unene wa 45 kwa uzi mwembamba hadi 105 kwa uzi mnene (elfu za inchi). Benga inataka besi iseme, ijibizane na solo, na raundi mpya zinalia kama kengele. Lakini joto la ziwani na jasho la kukesha matangani haviziachi. Wiki ya tatu vidole vinatoka vyeusi, na uzi mnene umeshakufa sauti.

Pesa ya seti mpya haikuwepo, kwa hivyo nilizichemsha. Sufuria ya maji, dakika kumi, unaona mafuta na uchafu vikielea juu. Unazifuta, unazianika mpaka zikauke kabisa, hasa pale kwenye kipete cha mwisho kinachoshika uzi kwenye gitaa, la sivyo kutu inaingia. Mlio unarudi kwa shoo mbili tatu, kisha unafifia tena.

Sasa napiga flati. Waya wake wa nje ni bapa, kidole kinateleza bila kukwaruza, noti ni nene na inakaa pamoja na ngoma. Hizi nilizonazo zina miaka minne. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown kule Marekani, alipiga flati, na hakuwa mtu wa kubadilisha nyuzi. Nyinyi je?

Nakuru
Mimi flati nilizitoa baada ya mwaka mmoja. Kanisani kwetu mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unajaza sauti za chini zote, besi ikamezwa. Nikarudi raundi, na kwaya ikaanza kunisikia. Naona kwanza utazame unapiga na nani.

Kakamega
Kaka zangu, mimi nilibadilishwa na kifundo cha mkono. Kiliuma hadi nikashindwa kushika jembe. Nikashuka kutoka 105 hadi seti ya 40 kwa 95, maumivu yakapungua sana. Ila nyuzi zikaanza kugonga freti, vile vyuma vya shingoni, kwa sababu mvuto ulipungua na shingo ikanyooka kupita kiasi.

Kondele, Kisumu
Pole sana, dada. Ulilegeza chuma cha ndani ya shingo ili ipinde tena kidogo?

Kakamega
Ndiyo, robo mzunguko tu. Nikaliacha gitaa usiku kucha, asubuhi nikatyuni na kupima tena. Likatulia.