Kompyuta za kale ambazo hatukuwa nazo: je, zina nafasi katika darasa la watoto wa Tanga?

Ndugu zangu, naileta hoja hii mbele yenu kwa sababu imetugawa, na kikao cha wazazi tulichofanya Ngamiani mwezi uliopita kiliahirishwa bila uamuzi. Kundi letu la kujitolea lina kompyuta tano za mitumba, na kila Jumamosi watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili huja kujifunza kwa saa tatu. Saa moja kati ya hizo tunawasha emuleta, yaani programu inayoigiza mashine nyingine, na mashine tunayoiigiza ni Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1982. Watoto huiandikia amri, hutunga muziki kwa chipu yake ya sauti, kisha huusikiliza. Baba mmoja alisimama akauliza, kwa adabu na kwa uzito, kwa nini mwanawe apoteze saa nzima na kifaa ambacho hata wenyewe walikitupa. Mwalimu mstaafu akaongeza kwamba hizo ni kumbukumbu za utoto wa watu wengine, na kwamba hatuna sababu ya kukaa matanga ya msiba usiotuhusu.

Mwalimu amesema kweli kwamba mashine hizo hazikuwa zetu, lakini naomba tujiulize kwa nini hazikuwa zetu. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, na mlango huo ulikuja kufunguka miaka mingi baadaye. Wakati sisi tuko nje ya mlango, shirika la utangazaji la BBC lilianzisha mwaka 1982 mradi wa kuwafundisha wananchi wa Uingereza kompyuta, likaipa jina lake mashine iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn, na serikali ya huko ikachangia nusu ya gharama kwa shule zilizonunua. Wahandisi wa Acorn, waliokwisha kuijua mashine ile ndogo ndani na nje, ndio waliobuni prosesa ya ARM, yaani chipu inayotekeleza amri za kompyuta, ambayo ilifanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1985, na uzao wake ndio uliomo katika karibu kila simu iliyokuwa mfukoni mwa waliohudhuria kikao chetu. Sisi tulilikuta ghorofa limekwisha kujengwa, tukapandishwa kwa lifti hadi juu, na msingi hatukuonyeshwa. Kwa hiyo ninapoona mtoto wa Ngamiani akiigusa Commodore 64 sioni analilia utoto wa Mwingereza wala wa Mmarekani. Naona anarudishiwa ngazi moja aliyorukishwa.

Ubora wa mashine hiyo kwa mwanafunzi ni udogo wake. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 64, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo haiwezi kuenea, na prosesa yake huenda kwa takriban megahezi moja, yaani mipigo milioni moja kwa sekunde. Chipu ya sauti, iitwayo SID na iliyosanifiwa na Bob Yannes, ina sauti tatu tu, na kila sauti huchagua wimbi lake: la pembetatu, la msumeno, la mraba, au kelele tupu. Mtunzi aliyetaka noti nne zisikike pamoja hakuwa na njia ila kuzizungusha kwa kasi katika sauti moja, makumi ya mara kwa sekunde, mpaka sikio lidanganyike. Zaidi ya nyimbo 50,000 za chipu hiyo zimehifadhiwa katika mkusanyo uitwao High Voltage SID Collection, na nyingi zina ukubwa wa kilobaiti chache tu, kwa sababu ndani ya faili hakuna sauti iliyorekodiwa. Kilichomo ni programu inayoiamrisha chipu ilie vipi na lini, na emuleta ndiyo inayoitekeleza upya kila unaposikiliza.

Nieleze Jumamosi moja. Msichana wa kidato cha kwanza alipewa programu ya mistari michache yenye amri POKE, ambayo huweka namba katika anwani fulani ya kumbukumbu. Katika 54296 aliweka 15, na hapo sauti ikawa juu kabisa. Katika 54277 aliweka 9, ili noti ianze ghafla kisha ififie kama uzi uliodonolewa. Katika 54273 na 54272 aliweka 25 na 177, ambazo kwa pamoja ndizo kimo cha noti. Mwisho akaweka 33 katika 54276, wimbi la msumeno likalia kwa ukali kama zumari. Akabadili 33 kuwa 17, akapata sauti laini ya filimbi. Akajaribu 129, ikasikika kama kayamba lililotikiswa mara moja. Alipoandika 65, ambayo ni wimbi la mraba, kukawa kimya. Alikagua waya wa spika, akapandisha sauti ya kompyuta, akaendesha programu mara tatu, kimya. Nilikuwa nyuma yake na nilijizuia kusema. Alirudi kwenye jedwali la chipu, akaona kwamba wimbi la mraba lina upana wake unaowekwa katika anwani nyingine, na kwamba yeye hakuuweka, kwa hiyo ulikuwa sifuri. Akaandika 8 katika 54275, na noti ikaja. Mashine ilikuwa imemtii tangu mwanzo. Ni yeye aliyekuwa ameagiza ukimya bila kujua. Katika programu za kisasa tunazowafundisha saa mbili zilizobaki, sijaona mtoto akilifikia jambo hilo kwa mikono yake mwenyewe.

Tena mvulana mmoja, ambaye babu yake hupiga udi, aliuliza ilipo ile sauti iliyo katikati ya noti mbili, ambayo kinanda hakina. Programu za muziki tulizozijaribu kwenye simu zilimpa vitufe vya kinanda na si zaidi. SID haijui kinanda. Inapokea namba yoyote kuanzia 0 hadi 65,535, na kila namba ni kimo chake. Ile 25 na 177 ni sawa na 6,577. Ukitaka kupanda robo toni unazidisha kwa takriban 1.0293, unapata 6,770, nayo huandikwa 26 na 114. Kijana alikokotoa kwa kalamu, akaandika, tukasikiliza, akasema, “Ndiyo hiyo.” Mji huu uliotoa Black Star Musical Club na Lucky Star, vikundi vilivyoliingiza gitaa la umeme katika taarabu, haupaswi kuogopa kwamba chombo cha kigeni kitawatoa watoto katika muziki wa kwao.

Juu ya hakimiliki nitasema kwa ufupi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda pia programu za kompyuta, na ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo michezo ya miaka ya 1980 haijawa mali ya umma kwa sababu tu ni mikongwe, na darasani kwetu hatuipakui. Emuleta nayo huhitaji programu za ndani za mashine inayoiigiza, na hizo pia zina wenyewe. Ndiyo maana wapo wanaoshauri tuhamie kwenye ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya Sinclair ya Uingereza, kwa kuwa kampuni ya Amstrad, iliyozinunua kompyuta za Sinclair mwaka 1986, iliruhusu mwaka 1999 programu za ndani za mashine hizo zisambazwe pamoja na emuleta. Ushauri huo ni wa haki na tutaufuata ikibidi, ingawa ningesikitika, maana Spectrum ya mwaka 1982 ina kispika cha mlio mmoja tu na somo lote la mawimbi tungelipoteza.

Swali ninaloliweka mezani ni hili: je, saa hiyo moja ibaki, ipunguzwe, au ifutwe?

Mchango wa fundi redio, Chumbageni

Ndugu mtoa mada, nakuunga mkono kuhusu watoto, lakini nakupinga kuhusu sauti. Nilipita dirishani penu Jumamosi iliyopita mkisikiliza wimbo uliotungwa Ulaya, na ulikuwa unakimbia. Nyimbo nyingi za mashine ile hufuata mchoro wa skrini: mashine ya Ulaya huchora mara 50 kwa sekunde na ya Marekani mara 60. Emuleta yenu imewekwa katika mashine ya Marekani, ndiyo maana wimbo unakwenda kasi kwa moja ya tano zaidi ya alivyokusudia mtunzi, na hata kimo chake kimepanda kidogo. Hakuna mtoto aliyeligundua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuusikia wa kweli.

Kuna na la pili. Kichujio cha SID ya kwanza, 6581, yaani sehemu inayopunguza baadhi ya milio, si cha tarakimu. Ni saketi ya kianalogia, inayochuja kwa umeme wenyewe na si kwa namba, na chipu mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana zinapochuja sauti ileile. Ya baadaye, 8580, inachuja kwa namna nyingine kabisa. Je, emuleta yenu inaiga ipi? Nina mashine moja halisi mezani kwangu, iliyoachwa na baharia mmoja kwa jamaa zake, na ilikuja kwangu ikiwa na kutu katika kila mguu wa soketi kwa sababu ya chumvi ya hewa yetu. Niliisafisha kwa wiki mbili. Sijathubutu kuiwasha kwa adapta yake ya asili, maana adapta hizo zikichakaa hupandisha volti na kuunguza chipu, kwa hiyo nimeiundia nyingine. Ukiisikia inavyonguruma chini utaelewa kwa nini nasema kuiga si kuwa.

Mchango wa mama mzazi, Mabawa

Mimi si mtaalamu wa chipu. Mwanangu huja hapo kila Jumamosi na nalipa nauli yake kwenda na kurudi. Shuleni ataulizwa mambo yaliyomo katika mtaala, na akitafuta kazi ataulizwa kama anaweza kuandaa barua na hesabu kwenye kompyuta. Sikatai ajifunze msingi, lakini msingi huo nataka kuuona kwenye daftari. Akirudi nyumbani na wimbo bila maelezo ya alichokifanya, kwangu mimi amekwenda kucheza. Naomba saa hiyo iwe nusu, au iwe na kazi ya kuandika.

Jibu la mtoa mada

Bwana fundi, nilikwenda kuangalia jioni ileile, na umesema kweli: tulikuwa tumeiacha mashine ya Marekani. Nimeiweka ya Ulaya, na wimbo uleule sasa unatembea. Nakiri kosa hilo ni langu. Hata hivyo naomba ulione upande wa pili: kosa hilo tumelirekebisha kwa kuchagua neno moja katika orodha, na lenyewe limegeuka somo, kwani Jumamosi hii nitawaeleza watoto kwa nini 50 na 60 zinatofautiana na umeme wetu wenyewe unahusikaje. Kuhusu kichujio, emuleta nzuri ya VICE, ambayo ndiyo tunayoitumia, hukuruhusu kuchagua 6581 au 8580, lakini 6581 inayoigizwa haiwezi kuwa zote, na hapo sina la kukupinga. Tofauti yetu ni kwamba wewe unatafuta sauti ile yenyewe, na mimi natafuta njia ya watoto 20 kuufikia utaratibu wake bila kuichosha mashine moja ambayo chipu zake hazitengenezwi tena. Kutu uliyoikuta katika soketi ndiyo hoja yangu: kitu halisi kikiwa peke yake katika pwani hii, siku moja hakitawaka.

Mama yangu, ombi lako la daftari nalikubali lote, na nimejuta kwamba hatukulifikiria. Kuanzia Jumamosi hii kila mtoto ataandika namba alizoweka, alichotarajia kusikia, na alichokisikia, na mzazi ataliona daftari. La kupunguza saa iwe nusu nalipinga. Yule msichana alichukua dakika 40 kuutafuta upana wa wimbi, na kama ningemkatisha katika dakika ya 30 angekwenda nyumbani akiamini kwamba mashine ni mbovu au kwamba yeye hana akili ya kompyuta.

Nina ombi kwa fundi, mbele ya wote. Iwapo jamaa za baharia wataridhia, uilete mashine yao darasani na adapta uliyoiunda, tuiweke kando ya kompyuta yetu, mvulana wa udi aandike 26 na 114 pande zote mbili, na wazazi waliokuwa kikaoni waje kusikiliza kabla hatujapiga kura.