Eti "hesi zimekosewa kiwandani"! Fundi ni yule yule, nyote mnamjua

Gololi_Moja
Wakuu, salamu baadaye, roho bado inanichemka.

Jina simtaji. Halina haja. Kila mwenye baiskeli hapa Pemba, kutoka Mkoani mpaka Konde, keshapita mikononi mwake na keshajuta. Leo kachukua tindo, TINDO wallahi, ile ya kuvunjia mawe, kaitegesha kwenye kikombe cha gololi cha upande wa cheni, kile cha chini ya fremu panapozunguka krenki, mikono ya pedeli, kagonga kwa nyundo. Kagonga tena. Kagonga mpaka kuku wa mtaa mzima wakahama. Kisha kainua uso, mbele ya vijana saba na muuza kahawa, kasema: "Baiskeli yako mbovu hii. Hesi zimekosewa kiwandani, zimekuja kinyume."

KINYUME!

Zimekuja kinyume kwa sababu ndivyo zinavyotakiwa zije! Kwenye fremu za kipimo cha Kiingereza, kikombe cha kulia kina hesi za kushoto, yaani mikato yake ya kukazia imegeuzwa. Kukifungua unazungusha kama mshale wa saa. Yeye kazungusha kinyume cha saa, yaani anakaza, kikigoma anaongeza nyundo, kikigoma zaidi anaongeza matusi. Kikombe kina meno 16 ya kushikia spana yake. Nimempelekea 16, kanirudishia 10.

Na wala hawakukosea hao wa kiwandani. Krenki ya kulia ikizunguka kwenda mbele, mzigo wa gololi unakizungusha kikombe kidogo kidogo kinyume chake. Hesi ingekuwa ya kawaida, kingejifungua chenyewe barabarani. Ndiyo wakaigeuza. Jambo hili lina umri zaidi ya babu yake, yeye kaligundua leo, tena kaligundua kuwa ni kosa.

"Zimekosewa kiwandani." Mbele ya muuza kahawa! Halafu 15,000 ya usumbufu. Usumbufu wa nani? Wa tindo?

Mpanda_Vilima
Yule mwenye redio?

Gololi_Moja
Simtaji.

Kibao_cha_Mbuzi
Wa redio ana afadhali. Huyu ni wa miwani iliyofungwa kamba. Ndiye anayelazimisha pedeli ya kulia kwenye krenki ya kushoto. Pedeli ya kushoto nayo hesi zake ni za kushoto, imeandikwa L kabisa kwenye ekseli, lakini herufi kwake ni pambo.

Mpanda_Vilima
Hapana, wa miwani hana tindo. Mwenye tindo ni wa karibu na skuli.

Bahari_Haishi
Kumbe wako watatu 🤣 Mleta uzi, na wewe nyundo ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, mdomo ulimwachia nani? Umeharibiwa hesi za baiskeli, sasa unaharibu na uzi wa humu.

Gololi_Moja
Nilimwambia! Akanijibu "mimi fundi tangu hujazaliwa". Hapo ndipo likaja la kiwandani. La KIWANDANI, yakhe.

Spana_Namba_15
Tuache kelele, kuna watu watasoma hapa wakaharibu zao. Shika hivi na hutasahau. Spana iwe imesimama, mkono wake umeelekea juu. Pedeli: vuta kuelekea gurudumu la nyuma, inafunguka, kulia na kushoto sawasawa. Kikombe cha gololi: sukuma kuelekea gurudumu la mbele, kinafunguka, kulia na kushoto sawasawa. Basi.

Kaskazi_Kavu
Isipokuwa fremu za Kitaliano. Hizo pande zote mbili ni hesi za kawaida.

Bahari_Haishi
Kaja mwenye fremu ya Kitaliano. Kisiwa kizima iko moja, na ni yako, na haijatoka uwani.

Spana_Namba_15
Mleta uzi, fremu ni chuma au alumini?

Gololi_Moja
Chuma. Kikombe alumini.

Spana_Namba_15
Basi hapo hata angezungusha sawa kingemgomea. Metali mbili, katikati maji ya chumvi, zinalana. Unga mweupe unajaa kwenye hesi na kikombe kinashikana na fremu kama chewa na mwamba. Hapa kwetu upepo wenyewe una chumvi, hata usipopita ufukweni. Dawa: chomoa nguzo ya kiti, laza baiskeli, mimina mafuta membamba ya kupenya kwa ndani kupitia bomba la kiti, mengine kwa nje ukingoni. Acha usiku mzima. Kesho yake spana ya meno 16, mtu mmoja aishikilie isiteleze, mwengine asukume kwa bomba refu. Siku ya kufunga kipya, paka grisi nyingi mpaka itoke nje, kisha kaza nyuton-mita 35 hadi 50. Aliyefunga mara ya kwanza hakupaka kitu. Huyo ndiye adui yako wa kwanza, mwenye tindo kaja kumalizia.

Mpanda_Vilima
Kipashe moto tu, kitaachia.

Spana_Namba_15
Usithubutu! Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kikombe kiko ndani, fremu iko nje, ukipasha kinazidi kubana. Kipe baridi. Barafu ya wauza samaki, robo saa, kisha sukuma.

Gololi_Moja
Meno yamebaki 10 lakini. Kwa sababu hesi ZIMEKOSEWA KIWANDANI.

Bahari_Haishi
Tumesikia, ndugu yangu. Lala.

Jicho_la_Kamera
Nyinyi mnalilia meno sita. Yuko mmoja anakodisha vikamera vya kufunga kifuani, nae mnamjua, kadi imeandikwa GB 256, ndani ina 16. Ukirekodi video kali ya 4K kwa megabiti 60 kila sekunde, saa moja inakula GB 27. Piga hesabu: dakika 35 kadi imejaa. Unatoka Wete unacheka, hujaingia hata msitu wa Ngezi, kadi ya uwongo inaendelea kuwasha taa nyekundu kama inaandika. Ukifika mnara wa taa wa Ras Kigomasha unajiona bingwa. Ukifungua nyumbani, mafaili matupu. Jazeni kadi kwanza kwenye kompyuta kwa H2testw, programu ya kupimia kadi, kabla hamjatoa pesa.

Kibao_cha_Mbuzi
Na kifuniko cha betri kimejaa chembe za chumvi. Kikamera kikitoka baharini kinaoshwa kwa maji baridi kikiwa kimefungwa, kinaachwa kikauke, ndipo kifunguliwe. Yeye anafungua kwanza halafu anaosha. Ndani.

Kaskazi_Kavu
Afadhali hao mnawajua. Wachukuzi wa boti hata sura hukumbuki. Boti siitaji. Baiskeli inalazwa upande wa cheni, juu yake magodoro, juu ya magodoro mtu mzima kalala. Sikio linaloshika dereila, kile cha kuhamishia cheni giya, linapinda, ukishuka ukitia giya ya chini kabisa dereila inaingia kwenye spoku na kuvunja kila kitu.

Spana_Namba_15
Dereila ifungue kabla ya kupanda boti, spana ya pembe sita namba 5, izungushie tambara, ifunge kwa ndani ya fremu. Sikio likishapinda, kopa gurudumu la nyuma lenye ekseli ya milimita 10, zile za nyenzo ya kufunga haraka. Hesi zake ndizo hizo hizo za sikio. Kaza gurudumu zima pale, litumie kama mkono wa kunyooshea. Taratibu.

Kusi_Matlai
Watu wa Pemba na mikasa yenu. Huku Unguja shida yetu ni upepo tu. Mwezi wa saba uende Makunduchi, kusi linakupiga usoni njia nzima na maikrofoni haisikii ila fuuuu. Bandikeni sponji.

Mpanda_Vilima
Unguja pana kilima gani? Njoo Chake kwenda Wete na mizigo kilo 20, hata giya ya meno 32 mbele na 42 nyuma haitoshi. Tia 30 kwa 46.

Kibao_cha_Mbuzi
Wazee wanapandisha gunia la mkaa pale pale kwa giya moja. Tena wanakusalimia.

Mpanda_Vilima
Wanashuka wakisukuma kwa miguu, usinidanganye.

Kusi_Matlai
Kushuka ndiyo wanasukuma? 😂😂

Gololi_Moja
Jamani, na kikombe changu?

Bahari_Haishi
Muulize muuza kahawa.

Kaskazi_Kavu
Nani anauza keria ya nyuma ya chuma, si ya alumini, ya gurudumu 28?