Waifai ya nyumbani: kuficha jina, kuorodhesha simu au paswedi ndefu, kipi kinazuia kweli?

Kidundo_Wete
Assalamu alaykum. Nna ruta ya laini hapa nyumbani Wete. Bando la mwezi linakatika mapema na watoto wanaapa hawakuangalia filamu. Nimefungua ukurasa wa ruta nikaona simu nisizozijua zimo ndani. Nimepewa shauri tatu: nifiche jina la mtandao, niruhusu simu zetu tu kwa orodha, au nibadilishe paswedi. Ruta inaandika WPA2, ndiyo aina ya ulinzi wa waifai iliyowekwa. Kipi bora kwa mtu asiyetaka kuitwa kila jioni kurekebisha?

FundiDarajani
Waalaykum salaam. Kuficha jina achana nako. Ruta inanyamaza, ila simu zako zinalitaja hewani kila zikiutafuta mtandao, na ziko programu za bure za kulisoma. Tena simu inaendelea kuliita jina hilo hata ukiwa bandarini Malindi unasubiri boti.

Orodha ina nafuu kidogo. Ruta inatazama anwani ya MAC, ile namba ya kuitambulisha simu kwenye mtandao, lakini anwani hiyo hupita hewani wazi hata mtandao ukiwa na paswedi. Anayejua kazi anaisoma na kuivaa.

WPA2 ni ya 2004 na bado inafaa, mradi kwenye njia ya kufumba data umechagua AES, si TKIP ya zamani. Mwenye ruta kuukuu ya WEP, ulinzi uliotangulia WPA, ndiye wa kuogopa. Hiyo ilishavunjwa tangu 2001.

PwezaMkavu
Mimi nimeweka orodha na wadokozi wamekoma. Watoto wa mtaani si wahandisi, yakhe.

BiMtendeni
Orodha ilinichosha mimi. Simu za sasa, kuanzia Android 10 na iOS 14 ya iPhone, zinajibunia anwani kwa kila mtandao. Unanakili ile ya kwenye mipangilio ya simu, kumbe inayotumika ni nyengine, na mtu anabaki nje. Kila mgeni akija unaitwa uandike upya. Kwa nyumba yenye watu wengi, hapana.

FundiDarajani
@PwezaMkavu hao watoto wangekomea kwenye paswedi nzuri vilevile, bila wewe kutunza daftari.

Ila paswedi nzuri si namba yako ya simu, na hapa kwetu ndiyo naikuta kila nyumba. Mtu anaweza kunasa zile salamu za simu na ruta wakati simu inaingia, akaenda nazo kwake na kuiachia kompyuta ikisie, bila kurudi karibu na nyumba yako. Namba ikianza 0777 zimebaki tarakimu 6, yaani milioni moja tu za kujaribu. Kazi ndogo hiyo. WPA2 inakubali herufi 8 hadi 63. Weka maneno matano yasiyohusiana, mfano wa kanga-betri-ngazi-mdalasini-tikiti (usichukue hii, ishasomwa na watu). Ni ndefu, lakini hata bibi ataiandika.

Ukhti_Chake
Mbona hakuna aliyeuliza wameingiaje? Wengi hawavunji kitu. Mtoto anafungua simu, anamwonyesha rafiki yake ile QR ya waifai, mwenziwe anapiga picha, kesho skuli nzima inayo. Kwenye Android nyingi paswedi yenyewe imeandikwa chini ya picha. Basi kaka, ukiweka hayo maneno matano halafu ukampa kila mtu, umefanya nini?

Mimi nachagua mtandao wa wageni. Ruta nyingi zinao kwenye mipangilio. Wa nyumbani unabaki na simu za wazazi na kompyuta, wa pili unawapa watoto, mafundi na jamaa wa Idi. Sikukuu zikiisha unabadilisha paswedi ya wageni tu, yako haiguswi. Na ruta nyingi humzuia mgeni asifikie printa wala kompyuta yako.

PwezaMkavu
Na jirani? Ukimfungia utamtazamaje barazani?

Ukhti_Chake
Mtie kwenye wageni, umpunguzie kasi kama ruta inaruhusu 😄

FundiDarajani
Naunga mkono ya Ukhti, na nyongeza moja ambayo wengi wanairuka: zima WPS. Ina PIN ya tarakimu 8, na 2011 ilibainika ruta inakwambia kama nusu ya kwanza ni sahihi kabla ya kufika ya pili, kisha tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Badala ya mamilioni, anayejaribu anahitaji mara 11,000 kwa ukomo. Ruta isiyo na kinga inafunguka kwa saa kadhaa, na maneno yako matano hayasaidii kitu. Badilisha pia paswedi ya ukurasa wa ruta, isibaki ile admin ya kiwandani.

Kidundo_Wete
Ahsanteni. Nimekuta mahala pa wageni, nimezima WPS. Kijana wangu anataka tununue ruta ya WPA3. Kuna haja?

FundiDarajani
WPA3, iliyofuata WPA2, ilitoka 2018, na faida yake kubwa ni kwamba hata akinasa zile salamu hawezi kukisia akiwa kwake. Ruta ikiwa na chaguo la WPA2/WPA3 pamoja, washa hilo, maana simu kongwe haziingii ukiweka WPA3 peke yake. Ikiwa haina, pesa hiyo nunulia bando.