Naomba ushauri: kulala na lenzi machoni ni salama?
Habari zenu wadau. Mdogo wangu yuko chuo Morogoro, haoni mbali vizuri, na siku hizi ameacha miwani anavaa lenzi. Tatizo analala nazo. Eti muuzaji alimwambia ni za mwezi mzima, hazina haja ya kuvuliwa.

Mimi nina hofu. Konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, haina mishipa ya damu, oksijeni inaipata zaidi kutoka hewani, na ukifumba macho usiku tayari inapungua. Sasa na lenzi juu yake? Najua zipo za silikoni haidrojeli zinazopitisha hewa zaidi, na baadhi zimeidhinishwa Marekani kuvaliwa hadi siku 30 mfululizo, lakini hata hizo ukilala nazo hatari ya maambukizi inapanda. Kidonda cha konea huacha kovu! Tena huzisuuza kwa maji ya bomba, yanayoweza kuwa na vimelea vya akantamoeba.

Leo jicho la kushoto limeamka jekundu na mwanga unamuumiza. Nimemwambia azivue. Madaktari wa macho na mnaozitumia, je, aende hospitali leo leo? Na kwenye boksi nitajuaje kama ni za kulalia au za kuvuliwa kila usiku?