Mrejesho: gauni la mtandaoni limefika Mtwara, na saizi imekaa

Wakuu, niliuliza namna ya kuagiza gauni kwenye tovuti ya duka la Dar bila kukosea saizi. Ahsanteni, limekaa vizuri.

Kilichosaidia zaidi ni kuachana na herufi. L ya duka moja ni M ya jingine, na nguo nyingi za China huja ndogo. Chukua futi ya fundi, pima kifua, kiuno na nyonga kwa sentimita. Kisha tandaza gauni linalokukaa vizuri, pima kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Kifua cha sentimita 96 kwenye kitambaa kisichovutika kinataka gauni la kama 102. Ukichukua 96 kamili, zipu haipandi. Jedwali la saizi la duka likiwa la inchi, zidisha kwa 2.54 upate sentimita. Na soma vizuri: vipimo ni vya mwili au vya nguo? Hapo ndipo wengi tunapokwama.

Kitambaa nacho kiangalieni jamani. Poliesta tupu kwa joto na unyevu wa huku pwani ni mateso. Pamba ina nafuu kwa joto, ila huweza kurudi (kupungua) ikifuliwa, hivyo acheni nafasi.

Mzigo ulikuja kwa basi hadi stendi ya Mkanaledi, hapa Mtwara. Dai picha ya risiti ya mzigo na namba ya basi kabla halijaondoka Dar. Ukifungua, rekodi video tangu kifurushi kikiwa kimefungwa, na usikate lebo kabla ya kujaribu. Bila hivyo kubadilishiwa ni kazi. Nauli ya kurudisha mzigo kubalianeni mapema, kabla hujalipa.