Krismasi Kisumu peke yangu, natokea Nakuru: nipangeje?

mgeni_wa_nakuru

Hamjambo wote. Natafuta ushauri wa watu wanaoijua Kisumu ndani nje. Mimi ni mwanamke, nasafiri peke yangu, natokea Nakuru. Nataka kufika tarehe 23 Desemba na kurudi 27. Gari sina, na huko sina jamaa. Malazi nimetenga shilingi 3,500 kwa usiku, nikibanwa nifike 4,000. Nataka ziwa, samaki, ibada ya Krismasi na usingizi. Klabu sina haja nazo.

Ninayotaka kujua: nipande gari gani na saa ngapi? Nilale mtaa gani, na nikague nini kabla ya kulipa? Siku yenyewe ya Krismasi mji unafungwa kabisa ama nitapata chakula? Tafadhali, "kuwa mwangalifu tu dada" nimeshaambiwa vya kutosha. Nipeni saa, mitaa na vitu vya kuuliza.

karani_wa_steji

Karibu dada. Anza na saa ya kufika, kwa sababu mengine yote yanategemea hiyo. Desemba jua la Kisumu huzama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, na likizama giza halikawii. Wewe panga uwe umeshashuka kabla ya saa kumi, ili chumba kikikukataa bado una mwanga wa kutafuta kingine. Nakuru hadi Kisumu ni chini ya kilomita 200, na siku za kawaida ni kama saa nne kupitia Mau Summit na Kericho. Wiki ya Krismasi hesabu saa sita. Kwa hiyo saa tatu asubuhi ikupate ukiwa njiani tayari.

Wanaotoka Nakuru hupenda kusimama barabarani wangoje gari la kutoka Nairobi. Desemba hiyo haifai. Magari hayo hupita yamejaa, na nafasi ikipatikana ni ile ya kubanwa kati ya watu wawili bila mkanda, halafu unatozwa nauli kama umetoka Nairobi. Nenda stendi, utafute sako (chama cha wenye matatu) ambayo magari yake yanaanzia Nakuru. Uliza tarehe 20 kama wanakata tiketi mapema. Sako nyingine huuza za siku hiyo hiyo tu, na kama ni hivyo uwe dirishani saa kumi na mbili asubuhi. Nauli hupanda sana wiki hiyo, tenga mara mbili ya ile ya kawaida. Bei iulize dirishani, usiiulize kwa wapiga debe, na risiti iandikwe nambari ya gari.

Gari halali lina mstari wa manjano, jina la sako na njia yake ubavuni, na mkanda kila kiti. Yale magari madogo ya kibinafsi yanayookota abiria nje ya stendi yakiita "Kisumu mmoja, mmoja twende", yapite. Bima yake haimlindi abiria anayelipa nauli, na huna namna ya kujua kama wale watatu waliokaa ndani ni abiria kweli.

Piga picha nambari ya gari umtumie mtu wa nyumbani. Ukimwonyesha ulipo kwa WhatsApp, kumbuka muda mrefu zaidi ni saa 8 kisha inajizima, kwa hiyo iwashe gari linapong'oa nanga, si ukiwa bado kwenye foleni. Begi kubwa likienda buti, liangalie likiingia, na uliangalie tena Kericho. Hapo wengi hushuka, buti hufunguliwa, na begi lako linaweza kushuka na mtu mwingine, kwa makosa au kwa makusudi. Pesa, simu na kitambulisho vikae mapajani.

Kutoka Salgaa hadi Londiani ni eneo la malori mazito na miteremko. Matatu haziruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Dereva akizidisha, mshtue jirani yako mseme pamoja, maana abiria mmoja hupuuzwa. Na gari likisimama makutano ya Londiani, usiende kununua mahindi ukingoni mwa lami. Pale ndipo lori lilipowavamia wachuuzi na wasafiri tarehe 30 Juni 2023, wakafa zaidi ya watu 50.

Treni ya usiku kutoka Nairobi sikushauri kwa safari yako. Kwa mtu wa Nakuru maana yake ni kukaa stesheni usiku ukingoja.

mhudumu_wa_mapokezi

Naongeza upande wa malazi. Kwa 3,500 utapata chumba safi Kisumu, lakini usikiache hadi Desemba yenyewe. Watu wa Nairobi wakija nyumbani, wengine huacha wageni wao mjini kwa sababu bomani vitanda vimejaa, na vyumba vya bei yako ndivyo huisha kwanza.

Mtaa: Milimani au katikati ya mji upande wa ziwa. Milimani ni patulivu na ni karibu na ziwa, ila utulivu huo huo usiku ni barabara tupu yenye ua mrefu pande zote mbili, kwa hiyo usitembee kwa miguu baada ya jua kuzama hata kama ni hatua mia tatu. Tuktuk ikufikishe getini, si kwenye kona. Katikati ya mji kuna taa na watu, lakini uliza kama chini au jirani kuna klabu. Desemba muziki hukesha hadi asubuhi, nawe umesema unataka usingizi. Kondele ni pazuri kwa kula na kununua mchana. Kwa kulala ukiwa mgeni peke yako, hapana.

Piga simu, usiishie kwenye picha za mtandaoni. Waulize kama bei ya tarehe 23 hadi 27 ni ile ile (wengine huwa na bei ya sikukuu wanayokutajia ukiwa umefika), kama kiamsha kinywa kimo, kama kuna tangi la maji na jenereta, kama geti lina bawabu usiku kucha, na kama jikoni itafanya kazi tarehe 25. Hilo la mwisho wageni hulisahau.

Malipo ya kushikilia chumba yaende kwa nambari ya Till au Paybill (nambari za M-Pesa za biashara) yenye jina la hoteli. Mtu akikwambia "tuma kwa hii namba yangu, Till ina shida leo", hapo ndipo pesa za watu hupotelea, hasa kwa nyumba za kukodi za siku chache ambazo picha zake zimeibwa kwingine. Ukilipa, soma jina kabla ya kuthibitisha. Ukikosea, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo, maana aliyepokea akishatoa pesa, kurudishiwa ni bahati.

Ukifika, omba kuona chumba kabla ya kuandika jina. Ghorofa ya kwanza au ya pili ni bora kuliko chini. Funga mlango na kitasa, kisha ujaribu komeo la ndani. Kitasa pekee hakitoshi, maana hoteli huwa na ufunguo wa akiba. Dirisha liwe na vyuma au lifungike kabisa, hasa likitazama roshani ya pamoja. Tazama neti ya mbu dhidi ya mwanga: tundu linalopitisha kidole linapitisha mbu wa usiku mzima. Kama karani anataja nambari ya chumba chako kwa sauti mbele ya wateja wengine, omba ubadilishiwe, na uombe uandikiwe kwenye karatasi. Haki yako hiyo, na anayejua kazi yake hatauliza kwa nini.

Mtu akibisha usiku akisema ni huduma ya chumba ambayo hukuagiza, usifungue. Piga simu mapokezi kwanza. Namba yao ihifadhi tangu mchana.

dereva_wa_tuktuk

Mengine wamesema. Mimi ni hili: ukishuka stendi kuu, usipatane bei mtu akiwa ameshika begi lako. Akilishika, bei ni yake. Beba mwenyewe, tembea hadi tuktuk zimejipanga, taja mahali, taja "peke yangu, bila kuokota watu", halafu bei. Mita hatuna. Ukitenga 300 kutoka stendi hadi Milimani na mzigo, hutakwama. Uwe na noti ndogo, sikukuu chenji ni shida kweli kweli.

Boda ni rahisi na haraka lakini usiku wa tarehe 24, 25 na 31 mimi simwambii dada yeyote apande. Wengi wamekunywa. Chukua namba ya dereva mmoja mliyeelewana mchana, umtumie huyo huyo siku zote nne. Programu za teksi nazo zinafanya kazi mjini, ila linganisha nambari ya gari na ile ya kwenye simu kabla ya kuingia, na umwache dereva ataje jina lako. Usimtajie wewe.

mgeni_wa_nakuru

Asanteni sana, hasa hilo la jikoni tarehe 25, sikuwa nimelifikiria. Sasa, ziwa. Dunga, ule ufuo wa wavuvi, naweza kwenda peke yangu? Na mashua?

mwongoza_wageni_dunga

Unaweza, dada, ila chagua saa. Nenda asubuhi ya tarehe 24 au 26, kati ya saa moja na saa nne. Wakati huo mashua za wavuvi zinarudi, maji yametulia, na ndege wa kwenye mafunjo wako kazini. Kuanzia adhuhuri upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huinuka, kisha jioni kunaweza kunyesha na radi. Mwenye mashua atakwambia ni sawa tu. Usimsikilize.

Mashua ipange kupitia ofisi ya BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo) pale pale, si na kijana anayekufuata kutoka tuktuk. Uliza bei ni ya mashua nzima au ya kichwa kimoja, ni ya dakika ngapi, na mnaenda wapi na kurudi. Ugomvi mwingi wa Dunga hutoka hapo: mgeni amesikia 500, kumbe ni ya kichwa na lazima muwe angalau watu watano. Usiende peke yako na wanaume wawili usiowajua, jiunge na familia au kikundi, na sikukuu vikundi havikosi. Jaketi okozi livae na ulifunge kabla mashua haijang'oka. La kukalia halimwokoi mtu. Gugumaji likiwa limeziba gati, ahirisha, kwa sababu rafadha hunaswa na mnakwama katikati.

Samaki: chagua mwenyewe akiwa mbichi, patana bei kwa ukubwa wake, ndipo aende jikoni. Ukiagiza "ngege mmoja" (ndiye tilapia) bila kumwona, utaletewa mkubwa kuliko njaa yako na bili yake. Kukaanga na kumtia mchuzi na ugali ni dakika 40 hivi, siku yenye watu inafika saa nzima, kwa hiyo agiza kabla ya kutembea kwenye njia ya mbao iliyopita kwenye mafunjo.

Hippo Point watu huenda kutazama jua likizama, na panapendeza. Viboko wenyewe si lazima uwaone. Shida ni kurudi: jua likizama wote wanaondoka kwa pamoja na tuktuk hazitoshi. Yako ikungoje, ulipe ukifika hotelini. Ukimwona kiboko nchi kavu usisogee kupiga picha.

Mchana mwingine, Impala Sanctuary na makumbusho ya Kisumu ni pazuri kwa mtu aliye peke yake, kuna geti na walinzi. Makumbusho yana boma zima la Kijaluo, nyoka na mamba. Kulipa ni kwa eCitizen (mtandao wa huduma za serikali), si pesa taslimu, kwa hiyo akaunti ifungue ukiwa Nakuru. Kuhangaika na nywila getini huku foleni inakusukuma ni adhabu.

Tarehe 25 asubuhi mji ni kimya, maduka mengi na masoko yamefungwa, watu wako kanisani. Katoliki ni Mtakatifu Theresa, Kibuye, na Anglikana ni Mtakatifu Stefano. Mimi ningekwenda ibada ya asubuhi badala ya mkesha, kwa ajili ya usafiri. Mchana familia zote huja ziwani na Dunga hujaa kupita kiasi. Siku hiyo kula hotelini. Mawakala wa M-Pesa wengi hufunga na mashine za benki huishiwa, toa pesa za siku tatu tarehe 23, uzigawe sehemu mbili.

muuguzi_wa_zamu

Kwa ufupi. Eneo la ziwa lina malaria mwaka mzima na mtu wa Nakuru hana kinga ya mwenyeji. Mwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kujikinga, lala ndani ya neti, vaa mikono mirefu kuanzia saa kumi na mbili jioni. Homa huanza angalau siku saba baada ya kuumwa, kwa hiyo ukiugua Januari ukiwa nyumbani, mwambie daktari ulikuwa Kisumu upimwe damu.

Usiingize miguu kwenye maji ya kingo yenye majani, kichocho kiko humo.

Kinywaji kifunguliwe mbele yako. Ukienda msalani, kilichobaki kimwage, agiza kingine. Mchele, yaani dawa ya kulewesha inayotiwa kinywajini ili uibiwe, haubagui mwanamke na mwanaume. Ukijisikia mzito ghafla baada ya glasi moja, mwite mhudumu wa kike, usikubali "msaada" wa aliyekaa meza ya jirani.

Hospitali kubwa ya umma ni Jaramogi Oginga Odinga, madereva huiita Russia. Polisi ni 999 au 112, na 1195 ni ya bure kwa ukatili wa kijinsia.

mgeni_wa_nakuru

Nimeandika yote. La mwisho: kurudi 27, nikate tiketi lini?

karani_wa_steji

Siku ile ile ya kufika, kabla ya kutoka stendi. Omba gari la kwanza la asubuhi linaloishia Nakuru. Ukipanda la Nairobi, hakikisha risiti imeandikwa Nakuru na bei ya Nakuru. Msukumano mkubwa wa kurudi huanza baada ya mwaka mpya, lakini 27 wapo wa kurudi kazini. Na sweta ikae juu ya begi, maana asubuhi Kericho ni baridi na ukungu, na wewe utakuwa umetoka kwenye joto la ziwa na blauzi nyepesi.

mgeni_wa_nakuru

Sawa. Kesho napiga simu hoteli tatu za Milimani, nitawaambia bei walizonipa.