Pesto ya mrehani inakuwa nyeusi na chungu, kosa liko wapi?

bustani_ya_nyuma

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaoijua vizuri pesto, ule mchuzi mzito wa Kiitalia wa mrehani uliosagwa, wa kulia tambi.

Natumia blenda. Natia majani mabichi ya mrehani vikombe viwili, korosho za kukaanga konzi moja, punje tatu za kitunguu saumu, jibini ngumu na nusu kikombe cha mafuta ya zeituni. Vyote naviweka kwa pamoja na kusaga kama dakika mbili hadi vilainike. Ikitoka ni ya kijani, lakini nusu saa haipiti juu inakuwa kahawia, na ukila kuna uchungu unaobaki kooni. Mrehani ni wa bustanini: naukata jioni, unalala kwenye friji, asubuhi nauosha na kuusaga.

Uchungu unatoka wapi? Rangi inazuiwaje? Na je, korosho zinafaa au lazima nitafute mbegu za msonobari?

---

kinu_na_mchi

Tuanze na friji, maana hapo ndipo mrehani wako unapoanza kuharibika. Huu ni mmea wa joto. Ukikaa chini ya nyuzi 12 hivi majani yanaumia na kupata madoa meusi, na friji ya nyumbani huwa kwenye nyuzi 4. Kata asubuhi, simamisha mashina kwenye glasi ya maji kama maua, weka mezani pasipopigwa na jua, na utengeneze pesto siku hiyohiyo. Chagua majani madogo ya juu, kabla mmea haujatoa maua. Ukishachanua, majani huwa magumu na ladha inakuwa kali.

Osha kwa maji baridi bila kuyasugua, kisha yatandaze kwenye kitambaa safi hadi yakauke kabisa. Jani lina vifuko vidogo vya mafuta yenye harufu. Ukilibana kwa kitambaa, harufu inaishia kwenye kitambaa. Na likiingia na maji, pesto itakuwa ya majimaji na mafuta yatajitenga.

Sasa zile dakika mbili za blenda. Ndani ya jani la mrehani kuna kimeng'enya kinacholigeuza kahawia pindi linapokatwa na kukutana na hewa, kama biringanya au tufaha lililokatwa. Kisu cha blenda kinakatakata jani vipande vidogo mno, kinaingiza hewa, na juu ya hayo kinapasha joto. Uchungu nao kwa sehemu kubwa ni wa mafuta ya zeituni. Mafuta mazuri ya mkamuo wa kwanza yana viambata vichungu kwa asili, na ukiyapiga kwa kasi kubwa uchungu wake unajitokeza. Ndiyo maana mafuta hayasagwi. Yanatiwa mwisho na kukorogwa kwa kijiko.

Vipimo vya Genoa, Italia, kwa watu wanne:

- majani ya mrehani gramu 60 (pima majani matupu, vikombe vinadanganya)
- mbegu za msonobari gramu 30
- Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya maziwa ya ng'ombe, iliyokunwa gramu 50
- pecorino, jibini ya maziwa ya kondoo, gramu 20
- kitunguu saumu punje moja, ikiwa ndogo mbili
- chumvi ya mawe nusu kijiko cha chai
- mafuta ya zeituni mililita 60 hadi 70

Punje tatu kwa vikombe viwili ni nyingi mno. Kitunguu saumu kibichi kinaendelea kukolea kadiri kinavyokaa, kwa hiyo kesho yake utaonja hicho peke yake. Pasua punje katikati na utoe kile kichipukizi cha kijani.

Pesto maana yake ni kitu kilichopondwa, na chombo chake ni kinu cha marumaru na mchi wa mbao. Huko Genoa kuna mashindano ya dunia ya pesto ya kinu tangu 2007, yanafanyika katika jumba la Palazzo Ducale, na blenda hairuhusiwi. Ponda kitunguu saumu na punje chache za chumvi hadi kiwe uji, ongeza mbegu za msonobari uziponde, kisha tia majani konzi kwa konzi pamoja na chumvi iliyobaki. Hapo usitwange kwa kupiga juu chini. Zungusha mchi ukisugulia majani kwenye ukuta wa kinu, na mkono mwingine ukizungusha kinu upande wa pili. Mwanzo utasikia chumvi ikikwaruza jiwe. Inakuwa kama msasa unaopasua majani. Baada ya muda mkwaruzo unapungua na maji ya kijani angavu yanaanza kujikusanya chini. Hiyo ndiyo dalili ya kutia jibini. Mafuta yaje mwisho, tone kwa tone, hadi yashikane. Kazi nzima isizidi dakika 20.

Kama kinu huna, weka jagi na kisu cha blenda kwenye friza nusu saa. Saga kwanza mbegu, kitunguu saumu na chumvi. Tia majani na vijiko viwili vya mafuta baridi, kisha bonyeza sekunde mbili, acha, kwangua pembeni, bonyeza tena. Mibonyezo minane hadi kumi inatosha. Hamishia kwenye bakuli, koroga jibini na mafuta yaliyobaki kwa mkono. Itabaki na chembechembe na ndivyo inavyotakiwa. Pesto laini kama krimu imesagwa kupita kiasi.

---

mtoto_wa_pwani

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Naongeza suala la mmea wenyewe, kwa sababu kwetu jina mrehani linabeba mimea kadhaa.

Inayofaa pesto ni ile yenye jani laini lililobinuka kama kijiko, rangi ya kijani isiyo na zambarau, na harufu tamu. Sugua jani kwa vidole unuse. Ukipata harufu kali ya karafuu au kafuri, huo si wa pesto. Rehani wa kutia kwenye vikuba (mafungu ya maua ya kujipamba) pamoja na asumini mara nyingi una harufu nzito iliyokusudiwa kunukia, na ukiusaga kwa wingi chakula kinageuka kuwa manukato. Kivumbasi ndiyo usikitie kabisa, hicho ni cha kufukuzia mbu. Mrehani wa Genoa una jina linalolindwa kisheria Ulaya tangu 2005, na moja ya sifa zake ni kutokuwa na harufu ya nanaa. Mbegu za aina hiyo huuzwa kwa jina la Genovese, na huota vizuri kwenye chungu. Kata ncha kila shina likifikisha jozi tatu za majani, litachipua matawi mawili na kuchelewa kutoa maua.

Korosho zinafaa, na kwetu ndizo za maana kuliko kununua mbegu za msonobari zilizokaa dukani hadi zikachacha. Pesto nyingi za chupa za viwandani huko Ulaya zina korosho, soma lebo utaona. Ila zako zimekaangwa, hapo ndipo ulipokosea. Korosho ya kukaanga inafunika mrehani, na ikiwa na chumvi ndiyo basi tena. Tumia mbichi iliyomenywa, gramu 30 zilezile. Ina wanga zaidi, kwa hiyo pesto itakuwa nzito. Ongeza kijiko kimoja au viwili vya mafuta. Lozi zilizomenywa ganda la ndani pia ni nzuri. Karanga sizipendekezi, ladha yake haijifichi. Ukikosa vyote acha tu. Kule Provence, Ufaransa, wana pistou, ambayo haitiwi kokwa yoyote, na ni chakula kamili.

Kwenye jibini, sharti ni iwe ngumu na kavu. Jibini laini inatoa maji na kufanya mabonge. Na kwa wanaochunga halali au wasiokula nyama: Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Kama hilo linakuhusu, tafuta jibini ngumu ambayo lebo yake inasema kigandishi ni cha mimea au cha vijidudu.

---

bustani_ya_nyuma

Ahsanteni sana, nimeelewa. Kuna sehemu nimeona wanachovya majani kwenye maji ya moto kwanza ili yasibadilike rangi. Na wengine wanakamulia limau. Vipi hayo? Halafu inakaa siku ngapi?

---

kinu_na_mchi

Kuchovya kunafanya kazi, kwa sababu joto linakiua kile kimeng'enya. Sekunde 10 kwenye maji yanayochemka, toa mara moja utumbukize kwenye maji ya barafu, kamua, kausha. Rangi itabaki ya kijani hata siku ya tatu. Gharama yake ni harufu: sehemu nzuri inabaki kwenye maji. Kwa pesto ya kula leo mimi naona ni hasara. Kwa ile ya kugandisha, fanya.

Limau linachelewesha ukahawia, ni kweli, lakini asidi nayo inaula ukijani wenyewe. Rangi inafifia taratibu na kuwa kama ya zeituni iliyosindikwa. Na ladha inakuwa ya kitu kingine.

---

mama_wa_akiba

Kuhusu kuhifadhi naomba tusichukulie kirahisi, kwani hapa ndipo watu wanaweza kuumia.

Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta ni mazingira yanayopendwa na bakteria wa botulizimu: hakuna hewa, hakuna asidi ya kutosha. Sumu yake unaweza usiione, usiinuse wala usiionje. Kumimina mafuta juu ya pesto kunazuia rangi kubadilika, basi. Hakuui bakteria, tena kunaziba hewa zaidi. Kwa hiyo usiiache mezani. Iweke friji mara tu ukimaliza, ndani ya chupa ndogo iliyojaa, mafuta nusu sentimita juu, na uimalize ndani ya siku tatu au nne. Chota kwa kijiko kikavu.

Usichemshe chupa za pesto sufuriani ukidhani umesindika. Vijimbegu vya bakteria hao vinahimili maji yanayochemka, na joto la kuviua, nyuzi 121 kwenye mtungi wa mgandamizo, litaiharibu pesto yenyewe.

Unayotaka kuiweka muda mrefu, igandishe bila jibini. Jaza trei ya barafu, ikishaganda hamishia vipande kwenye mfuko na utoe hewa. Miezi sita inakaa vizuri. Iyeyushe ndani ya friji, jibini utatia siku ya kula.

---

mtoto_wa_pwani

Moja nililosahau, kwani wengi wanaharibu mwishoni: pesto haipikwi. Ukiitia kwenye sufuria iliyo motoni, rangi inakufa, jibini inavutika nyuzi na mafuta yanajitenga.

Kwa pesto ile ya gramu 60, chemsha tambi gramu 400. Genoa hutumia trenette, ndefu na bapa, au trofie, fupi zilizosokotwa, na sufuria hiyohiyo huchemshiwa viazi na maharage machanga ya kijani. Viazi vilivyokatwa vipande vidogo vya mraba vitangulie dakika tano hivi kabla ya tambi, maharage yafuate kulingana na ukubwa wake. Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja. Weka pesto kwenye bakuli pana lisilo na joto, ilegeze kwa vijiko viwili au vitatu vya maji hayo, kisha tia tambi na ugeuze. Wanga wa viazi na wa tambi ndio unaoishikisha pesto. Ikionekana kavu ongeza maji yale, usiongeze mafuta.